Kapteni, hebu nyamaza usikilize

Niko Issuna, hapa barabarani kati ya Manyoni na Singida mjini. Nilikuja kupumzika, ila nimekuta jambo limenikera na nimeshindwa kulinyamazia.

Binamu yangu hucheza Free Fire kwenye simu. Skwadi yao ni watu 4, kapteni yuko Dar. Juzi nikakaa pembeni nisikilize. Kapteni anafoka mwanzo mwisho: sogeeni, rudini, wajinga nyie! Mtandao wa huku unasuasua, amri inafika wenzake wameshahama. Dogo kamwona adui nyuma ya nyumba, anataka kusema, kumbe kapteni kamzima sauti tangu mwanzo eti maiki yake ina kelele (kuku na upepo wa Singida, sasa afanyeje?). Wakafa wote. Lawama? Za "mshamba wa Singida".

Jamani!

Mnaikumbuka video ya Leeroy Jenkins ya 2005, ya World of Warcraft? Dunia nzima ilimcheka kwa kukurupuka peke yake na kuwaponza wenzake. Baadaye ikajulikana yalikuwa maigizo, lakini mimi bado namtetea. Mpango mzima ulikuwa kwa ajili yake, apate kifaa alichokihitaji, na mwenyewe hakuwa mbele ya kompyuta! Wakapiga hadi hesabu za asilimia ya kupona, hakuna aliyeuliza: Leeroy, upo?

Na EVE Online, Januari 2014. Malipo ya kumiliki eneo la B-R5RB hayakupita, wapinzani wakavamia, vita ikapigwa karibu saa 21 na wachezaji zaidi ya 7,000. Meli zilizoteketea zilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 300,000. Makamanda walikuwepo tele. Bili ndiyo haikulipwa.

Najua mtasema vitani hakuna kupiga kura. Sawa, mmoja aamuru. Ila ataamuru nini kama aliyeko dirishani, anayeona, kazibwa mdomo? Na kwenye mtandao mbovu kuna alama za ramani na jumbe fupi za kubonyeza, zinafika kuliko kelele. Kapteni wetu hazitumii, labda hazina utamu wa kusikia sauti yake mwenyewe.

Nimemshauri dogo ahame, aanzishe skwadi yake na wenzake wa hapa kijijini. Kanitazama, kacheka. Kapteni ndiye anayemrushia bando.