Yule Waliyemweka Pembeni



Vijana wetu wananitumia video kila juma. Wajasiriamali na viongozi wa Marekani wameketi, kila mmoja na kipaza sauti chake, wanajadili uvumbuzi na kesho ya nchi yao. "Pasta, hii usikose!" Basi nasikiliza. (Mama Mchungaji anauliza kama siku hizi nahubiri hapa au California.)

Nimejifunza mengi. Wanazungumza mtaji, akili bandia, umeme, China. Mimi ningewauliza habari za mzee mmoja anayeitwa Morris Chang.

Alizaliwa China mwaka 1931, akafika Marekani 1949 kusoma. Mtihani wa kumruhusu kusomea udaktari pale MIT aliufeli mara mbili. Mwaka 1958 akaingia Texas Instruments, akafanya kazi miaka 25, akapanda hadi kusimamia kazi yote ya chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu uliyoshika sasa hivi. Baadaye akahamishiwa kazi nyingine, akaona wazi kwamba kiti cha juu hatakipata. Akaondoka.

Taiwan ikamwita. Alikuwa na wazo la kiwanda ambacho hakibuni chipu zake, kinatengeneza zilizobuniwa na wengine. Akabisha milango Marekani akitafuta mtaji. Intel ikakataa. Mwajiri wake wa zamani akakataa. Serikali ya Taiwan na Philips ya Uholanzi wakakubali, na mwaka 1987, akiwa na miaka 55, akaanzisha TSMC.

Leo hata Nvidia, ambayo kila mtu anaitaja kwenye video hizo, hutengenezewa chipu zake huko. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kutoa zaidi ya dola bilioni 50 kufufua kazi hiyo nyumbani. Desemba mwaka huo Rais Biden akasafiri hadi Arizona, TSMC inakojenga kiwanda. Mzee Chang alikuwepo, miaka 91.

Fungua Waamuzi 11, mpendwa, umsome Yeftha. Ndugu zake walimfukuza asirithi pamoja nao. Vita vilipokuja, wazee wa Gileadi walimfuata wapi?

Utaniambia Marekani imewapokea wageni wengi. Kweli kabisa. Jensen Huang alizaliwa Taiwan, akaosha vyombo katika mkahawa wa Denny's, na mwaka 1993 akaanzisha Nvidia na wenzake wawili. Ndiyo maana tangazo la Septemba 2025 lilinishangaza: dola 100,000 kwa mwajiri anayemwombea mtaalamu aliye nje ya nchi visa mpya ya H-1B. Wanaolitetea wanasema wageni wasitumiwe kuwanyima wenyeji kazi. Nawaelewa, na mzazi yeyote mwenye kijana aliyemaliza chuo akabaki nyumbani atawaelewa. Lakini kampuni kubwa italipa. Ile ya watu watano, inayoanzia sebuleni, itatoa wapi? Na aliyefeli mtihani mara mbili, nani atamlipia?

Msidhani nawanyoshea Wamarekani kidole.

Mwaka 2018 kijana wa mitambo hapa kanisani aliniambia turushe ibada kwenye intaneti. Nilimjibu mbele ya wazee kwamba kanisa si sinema. Akanyamaza. Baada ya miezi michache nikasikia anaabudu kwingine, nami nikasema vijana wa siku hizi hawatulii. Machi 2020 makanisa yakafungwa. Nikabaki na viti vitupu na simu ambayo sikujua hata kuisimamisha wima. Nilimpigia usiku, sauti ikinitetemeka. Asubuhi alikuwa mlangoni na nyaya zake ndani ya mkoba. Hakunikumbusha neno.

Mnaonisoma hapa leo mnanisoma kwa sababu yake. Nilimshukuru, ndiyo, lakini sijawahi kumwomba msamaha, na nilimwaibisha mbele ya watu. Jumapili hii, ibada ya pili, kabla ya neno, nitamwita mbele. Wazee waliokuwepo siku ile, tafadhali fikeni mapema.