Nyusi za Binti na Nembo za Mama



Tulipokuwa Masasi hivi karibuni tulimtembelea mama mwenzetu tunayemfahamu kwa miaka mingi. Alitupokea akiwa amejitanda khanga hadi kufunika nyusi, tukadhani anaumwa kichwa. Alipokwisha kututilia chai na kuhakikisha kuwa baba watoto ameondoka kwenda kwenye mikorosho yake, ndipo alipoishusha ile khanga. Nyusi ya kushoto ilikuwa na mstari wenye rangi ya kutu. Ya kulia ilikuwa kidonda.

Yapata miaka kumi iliyopita, alipokuwa akiishi Dar es Salaam, mama huyu alichanjwa nyusi kwa wino katika saluni. Wengine huuita wanja wa kudumu. Aliambiwa utafifia wenyewe baada ya miaka miwili. Haukufifia, bali uligeuka mwekundu. Sasa binti yake anaolewa, naye hakutaka kukaa mbele ya wakwe akiwa na sura ile. Akanunua sokoni kichupa cha dawa kisicho na jina la mtengenezaji, akaijaribu kwenye nyusi moja usiku mbili mfululizo. Tena alikuwa amekwisha kupanga kumleta mama yake kutoka Newala, ili naye atafutiwe dawa ya kufuta nembo za usoni, wasije wakachekwa siku ya harusi.

Tuanze na nyusi, maana tunajua wapo wasomaji wengine wenye shida hiyo hiyo na wanaona haya kuuliza. Wino wa kahawia kwa kawaida ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na nyingi hutokana na madini ya chuma. Rangi hizo hazipotei kwa pamoja. Nyeusi ikitangulia kupungua, nyekundu hubaki peke yake. Wino uliotengenezwa kwa masizi nao huelekea kuwa wa kijivu au wa buluu. Kwa hiyo mama mwenzetu hakuharibu kitu kwa sabuni wala kwa jua la shambani, kama alivyokuwa akijilaumu.

Je, unaondolewaje? Njia inayotumiwa zaidi na madaktari ni mionzi ya leza. Mwanga wake huvunja wino vipande vidogo sana, kisha mwili wenyewe huvibeba polepole. Si kazi ya siku moja. Hufanywa mara kadhaa, kwa kawaida kila baada ya wiki sita hadi nane, na pengine mwaka hupita. Kwa ngozi nyeusi kama zetu jambo hili linataka uangalifu mkubwa, kwa sababu leza isiyofaa huchoma rangi ya ngozi pamoja na wino, ukabaki na baka jeupe au jeusi zaidi. Aina iliyo salama zaidi kwetu ni ile iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064. Iandike kwenye karatasi, uiulizie kwa jina. Anayeshindwa kukujibu asikuguse uso.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa saluni hawaitaji. Rangi za madini ya chuma, na ile nyeupe ya kuchanganyia, zikipigwa leza huweza kugeuka nyeusi papo hapo. Ndiyo maana daktari mwangalifu hujaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kisha husubiri wiki kadhaa. Na ndiyo maana hatupendi ushauri wa kuchanja wino wa rangi ya ngozi juu ya ule wa zamani ili kuuficha. Unaongeza rangi nyeupe humo humo, na baadaye kuitoa ni kazi mara mbili. Wapo pia wanaochoma maji ya chumvi kwa sindano ili yavute wino. Njia hiyo husaidia wengine, lakini ni kidonda, na mtu mwenye asili ya makovu ya kuvimba aiache.

Kuhusu dawa za vichupo, maji ya betri, magadi na krimu za kujichubua, hatuna maneno mengi: haziufuati wino, zinaunguza ngozi iliyo juu yake. Piko nayo si ya kupaka nyusi, maana imewavimbisha wengi macho.

Tulimwomba aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya kidonda. Kikipona kabisa, aonane na daktari wa ngozi kabla ya mtu wa saluni. Nchini kwetu madaktari wa fani hiyo wamekuwa wakifunzwa KCMC, Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Kwa siku ya harusi, penseli ya kahawia iliyokoza ingefunika ule wekundu wa upande wa kushoto vizuri tu, na kilemba kinachoshuka kidogo kingemalizia upande wa kulia.

Sasa tuje kwa Bibi. Nembo za Kimakonde si wino wa saluni. Ngozi ilichanjwa kwa kisu kidogo, ikapakwa unga wa makaa, na pengine kurudiwa mpaka mistari ikasimama. Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala mwaka 1906 aliwakuta akina mama wakiwa na nembo hizo pamoja na ndonya mdomoni, akawapiga picha. Weusi wa makaa hukubali leza kuliko rangi nyingi, lakini mwinuko haukubali, kwa kuwa ule ni kovu. Kovu husawazishwa kwa sindano za dawa au hukatwa, na kumkata mzee uso mzima ni kumpa makovu mapya mahali pa yale ya zamani. Hakuna daktari mwenye busara atakayelifanya hilo kwa ajili ya picha za harusi.

Wapo wanaowanyoshea vidole wazee hawa kwa kutaja Walawi 19:28. Tunawauliza tu: mtoto aliyechanjwa na wakubwa wake alikuwa na kauli gani? Bibi zetu wa Masasi na Newala walibatizwa wakiwa na nembo zao.

Bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kufika, amekaa barazani akipepeta mtama. Tulimwamkia, kisha binti yake akamweleza lile alilokusudia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "uso huu baba yako aliuposa. Kama nauli ipo, nipeleke nikatazamwe macho. Tangu mwaka jana sioni tundu la sindano."

Tukamsogeza kwenye mwanga. Mboni zote mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Mama mwenzetu hakuwa amegundua. Wameondoka wote wawili asubuhi iliyofuata kwenda hospitali, mmoja kwa nyusi, mwingine kwa macho.