Tumbo Tupu Si Jepesi

Mwezi huu twapenda kusema juu ya chakula cha watoto wetu waendao mashindanoni. Na tutaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Kijana mmoja wa hapa Sola alikuwa hodari wa mbio. Siku ya michezo tulimzuia asile asubuhi, tukidhani tumbo tupu humfanya mtu mwepesi. Katika mbio za asubuhi alishinda. Tukampa maji tu, tukamngoja alasiri. Alasiri aliwatangulia wenzake, kisha miguu ikamlegea, wakampita wote. Mama yake hakutukemea, ila aliuliza, “Mwalimu, mwanangu amekula nini leo?” Tukakosa jibu.

Jibu lilikuwa katika vyungu vyetu. Ugali, viazi, mihogo na wali vina wanga. Wanga hugeuka sukari tumboni, nayo huingia katika damu. Izidiyo huwekwa akiba katika ini na misuli. Akiba ya ini hupungua usiku tulalapo, na ile ya misuli hutumika mtu apigapo mbio. Ni kama kihenge: achotaye kila siku asitie kitu, mwisho hugusa chini.

Majirani zetu wa Kenya, wajulikanao ulimwenguni kwa mbio, hawakimbii kwa njaa. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha habari za chakula cha wakimbiaji hodari 10 wa nchi hiyo. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari ya chai. Nyama walikula kidogo.

Basi yafaa mtoto ale uji, ugali au viazi muda wa saa mbili au tatu kabla ya mbio. Akimaliza, asikawie kula na kunywa maji, hasa ikiwa atakimbia tena siku ile ile. Mwenye uzito wa kilo 50 yampasa kupata kiasi cha gramu 50 za wanga kila saa, kwa saa nne za kwanza. Kiazi kitamu cha kuchemsha cha gramu 250 hukaribia kipimo hicho. Jioni aongezewe maharage, dagaa au maziwa, yajengayo misuli iliyochoka.

Twasikia watoto wengine wanaona haya kuchukua matobolwa, wakisema ni chakula cha maskini. Sivyo. Wazee wetu wa Usukuma walichemsha viazi, wakavikata na kuvianika, wapate chakula cha kiangazi na cha njiani kisichohitaji moto. Mkimbiaji atafuta nini zaidi?

Kijana yule angali akipiga mbio, na matobolwa yamo mfukoni mwake pamoja na daftari. Nasi siku hizi humwuliza swali la mama yake kabla hajaondoka. Wazazi na walimu, tufanye vivyo hivyo sote.