Upepo wa Ufipa usikudanganye

Katikati ya Oktoba, karibu saa saba kasorobo mchana, simama wima katika mtaa wowote wa Sumbawanga utafute kivuli chako. Hutakiona, kitakuwa kimejikunja chini ya nyayo. Mji huu wa uwanda wa Ufipa uko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na siku hizo jua hupita utosini kabisa. Mvua hazijaanza, mawingu ni haba, nyasi za uwandani zimekauka au zimechomwa, na upepo unavuma. Upepo huo ndio ninaouogopa kuliko jua lenyewe.

Sisi wa huku juu tumezoea kusema joto liko bondeni. Anayeteremka kwenda Muze, kule bondeni, huvua sweta njiani, naye anayerudi hulivaa tena. Ni kweli, bonde la Ziwa Rukwa liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi tuko karibu mita 1,800. Lakini mwinuko huohuo unaotupa baridi ndio unaotupunguzia hewa ya kuchuja jua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Bondeni joto humfukuza mtu akajifiche chini ya mti. Huku kwetu upepo humpoza mtu, akajiona salama, akakaa juani kwenye meza yake ya biashara tangu asubuhi hadi jioni.

Wa kwanza kuumia ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kuikinga, kwa hiyo kila saa ya jua la mchana inaacha alama yake, na alama hizo hujumlishwa tangu utotoni. Huanza kama ukavu na magamba kwenye mdomo, masikio au shingo. Baadaye hutokea kidonda kidogo kisichopona. Watu hukipaka dawa za dukani, wanasubiri, mavuno yanapita, na saratani inazama. Ikishazama, safari inaweza kuwa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na familia nyingi hazina hata nauli ya kwenda. Kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki tatu au nne kipelekwe hospitali kingali kidogo, kinapoweza kukatwa na kwisha. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Ulizeni hospitalini na kwa viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino namna ya kuyapata. Wakati mnayangoja, shati la mikono mirefu na pama pana vinaokoa ngozi leo hii.

Wapo wengine. Mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza hupoteza maji haraka akipanga foleni juani. Mama mjamzito anayeuza mboga chini kando ya lami anaunguzwa kutoka juu na kutoka chini, kwa maana lami nyeusi hupita nyuzijoto 50 hata hewa ikiwa 27. Mtu akianza kuropoka, kupepesuka au kuzirai juani, mwondoeni mara moja, mumloweshe maji mwili mzima, mumpepee, na mumwahishe hospitali. Msimlazimishe kunywa kama hajitambui.

Sasa kuhusu mitaa, na hapa ndipo muda unapotuponyoka. Sumbawanga imo katika mradi wa TACTIC, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa kujenga barabara, mifereji, masoko na stendi za miji. Tuliuhitaji, maana vumbi na matope vimetutesa miaka mingi. Lakini mahali pengi barabara ya mji inapopanuliwa, mti ndio wa kwanza kuondoka, na upenu wa duka la zamani, ambao wapita njia walijibanza chini yake, huondoka nao. Unabaki mtaro wa zege uliogusa ukuta wa nyumba, na hakuna hata futi mbili za udongo. Zege likishamwagwa, mti hauna pa kusimama kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo swali liulizwe michoro ikiwa bado mezani: mti utakaa wapi? Wenyeviti wa mitaa walipeleke Manispaa na kwa wakala wa barabara, TARURA, waombe ukanda wa udongo upande mmoja wa kila barabara, na paa la kivuli stendi na kwenye vituo vya bodaboda. Mashimo yachimbwe sasa, mijakaranda au migrevilea ipandwe mvua za Novemba zikishika. Mkaratusi usiwekwe kando ya mtaro, maana mizizi yake hutafuta maji na matawi yake huanguka.

Na walimu, nawasihi. Huu ni msimu wa mahafali. Wazazi na mgeni rasmi hukaa chini ya turubai, na watoto husimama uwanjani wamevaa masweta, wakisubiri mgeni aliyechelewa. Anzeni saa mbili asubuhi, mmalize kabla ya saa tano. Mtoto mwenye ualbino aliyeko kwenye mstari aruhusiwe kofia yake, hata kama si sehemu ya sare.