Mtoto wa Rehani Nyumbani kwa Muislamu

Ndugu msomaji, baadhi ya wenzetu wamekwisha kuitolea hukumu riwaya ya "Peponi" kabla hawajaifunua. Wanasema imewavunjia heshima wazee wetu wa Mrima, na imekichezea kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mimi nimeisoma yote, na sikuimaliza kwa moyo mmoja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili mwaka 2022.

Habari yake ni ya zama za Wajerumani. Yusuf, kijana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz ambaye amezoea kumwita ami. Si ami yake. Baba mtu ana deni, na mtoto ndiye rehani. Dukani anamkuta Khalil, naye kaletwa kwa deni la baba yake.

Sasa wewe uliyeghadhibika, ghadhabu yako imwelekee nani? Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Haikusema achukuliwe mwanawe. Aliyeuvunjia Uislamu heshima ni tajiri aliyetenda, si mwandishi aliyesimulia. Wala sisi wa Mkwaja, tuliokaa baina ya Pangani na Saadani, bandari zilizotoa misafara kwenda bara, tusijifanye wageni wa mambo haya. Utumwa Tanganyika haukupigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 1922.

Lililonichoma mimi mwalimu wa chuo ni jingine, na wengi wanalipita. Yusuf amekaa miaka kwa Muislamu mwenye mali na heshima zake. Kisha anaachwa kwa Hamid huko bara, na mwezi wa Ramadhani inabainika kuwa kijana hajui kuisoma Qur'ani! Anapelekwa chuoni akae na watoto wadogo. Kazi ya duka alifundishwa, alifu hakufundishwa.

Ugomvi wangu na Gurnah upo. Mtunzi si mfasiri wa Qur'ani, na kijana wake si nabii, najua. Lakini akiazima jina, na bibi wa nyumba mwenye kumtamani, na nguo iliyochanwa kwa nyuma, msomaji Muislamu ana haki ya kuulizia sehemu iliyobaki. Yusuf wa Qur'ani alitoka gerezani akaaminiwa hazina za nchi. Huyu wa riwaya mwisho wake anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Sikupendezwa, na mpaka leo sijapendezwa. Na mambo ya yule bibi bustanini si ya kumwachia mtoto wa darasa la tano asome peke yake.

Hata hivyo usiitupe. Kwanza tazama jikoni kwako. Yule binti uliyemtoa kijijini, anayekuita shangazi na hana nasaba nawe, anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha moto ili wanao waende chuoni wameoga na kanzu zimepigwa pasi: yeye amefika juzuu ya ngapi? Na ujira wake wa mwezi unatiwa mkononi mwa nani?