Addis Ababa si ya Kubadilishia Ndege Tu
Wasafiri wengi wa kwetu huijua Addis Ababa kwa uwanja wake wa ndege tu, na hiyo ni hasara kubwa. Katika Makumbusho ya Taifa utakutana na Lucy, zamadamu wa miaka milioni 3.2 iliyopita, ambaye mifupa yake ilifukuliwa Hadar mwaka 1974. Ukumbi wa Afrika, wenye vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, ndiko ulikozaliwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963. Kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, tangu 2024 imesimama sanamu ya Mwalimu Nyerere. Ndugu msomaji, safari ijayo, tenga walau siku mbili uijue historia yako.