Tonge la Mkono wa Kulia

Wiki hii sina stori ya disko wala ya shemeji. Nina ya braza wangu na tonge la ugali.

Braza alikuwa anasaka mapene Geita. Siyo duarani, yeye alikuwa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku moja ikamnyofoa vidole viwili vya mkono wa kulia. Akarudi nyumbani Shinyanga na bandeji, ngawira hakuna. Mkono mtupu haulambwi, washikaji wakapotea mmoja mmoja.

Kidonda kikapona, lakini braza akawa anakula chumbani peke yake. Tukadhani ana hasira. Kumbe mkono wa kulia haushiki tonge, na kutia wa kushoto kwenye sinia mbele ya mzee ni aibu.

Ndipo akapelekwa kwa dada mmoja hospitalini. Braza akamwita "sista". Dada akacheka: "Mimi siyo nesi, kaka. Kazi yangu ni tiba kwa vitendo." Wengi wao wamesomea KCMC, Moshi, na kuwapata huku kwetu ni kazi.

Hakumuuliza anaumwa wapi. Alimuuliza, "Nyumbani kitu gani kinakushinda?" Braza kimyaaa. Halafu akasema, "Kula na wenzangu."

Basi mazoezi yakawa kuchambua choroko, kufunga vifungo vya shati na kufinyanga unga uliokandwa. Mpini wa kijiko ukazungushiwa mpira wa baiskeli uwe mnene, ushikike. Mimi nikacheka: yaani mtu kaenda chuo kusomea choroko?

Mwaka 2015 nchi nzima ilishangilia wachimbaji watano walipotolewa hai Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kushangilia mtu katoka hai tunajua sana. Lakini kesho yake, vifungo vikimshinda, nani yupo? Hapo redio zimeshaondoka. Anabaki dada na choroko zake.

Jumapili iliyopita braza aliketi mkekani na sisi. Tonge la kwanza likaanguka. La pili likafika mdomoni. Mzee akajifanya hakuona, akamsogezea bakuli la mlenda.

Mimi choroko sicheki tena. Na wewe, kama una mtu wako anakula chumbani, muulize kinachomshinda ni nini. Tukutane wiki ijayo!